NYUMA YA MAANDAMANO: WANAWAKE WEUSI KATIKA HARAKATI ZA WANAWAKE MAREKANI

Inapozungumzwa habari ya ukombozi wa wanawake, hoja mbili hugongana mara kwa mara. Wako wanaosema kwamba wanawake wote wa dunia ni kundi moja, wanaonewa kwa namna moja na adui mmoja. Kwa hiyo tofauti za rangi na za tabaka baina yao ni mambo ya kuwekwa kando. Wako wengine wanaosema kwamba madai ya haki za wanawake ni mtindo wa akina mama wa Kizungu wenye nafasi zao, tena wabaguzi. Kwa hiyo hayatuhusu hata kidogo. Hoja ya kwanza inauficha ubaguzi. Hoja ya pili inautumia ubaguzi huohuo kama kisingizio cha kuwanyamazisha wanawake.

Sisi tunasema kwamba hoja zote mbili ni potofu. Ushahidi tutautafuta Marekani, nchi ambayo harakati za wanawake zilipata nguvu mapema, na ambayo wanawake weusi walizishiriki tangu siku za mwanzo huku wakisukumwa pembeni. Hatuiangalii historia hiyo kwa nia ya kuwacheka wengine. Tunaiangalia kwa sababu kosa lililofanyika kule linaweza kufanywa na chama chochote, katika nchi yoyote, na watu wenye nia njema kabisa.

CHIMBUKO LA HARAKATI

Harakati za wanawake wa Marekani zilizaliwa tumboni mwa harakati za kukomesha utumwa. Mwaka 1840 ulifanyika London mkutano wa dunia wa kupinga utumwa. Wanawake waliotumwa na vyama vya Marekani walikatazwa kukaa pamoja na wajumbe wengine, kwa sababu tu walikuwa wanawake. Waliokuwapo na kuyaona hayo ni pamoja na Lucretia Mott na Elizabeth Cady Stanton. Miaka minane baadaye, Julai 1848, hao walikuwa miongoni mwa walioitisha mkutano wa kudai haki za wanawake huko Seneca Falls, katika jimbo la New York.

Watu wapatao 300 walihudhuria mkutano huo. Dai la kupiga kura lilionekana na baadhi ya wahudhuriaji wenyewe kuwa limepita kiasi. Aliyesimama kulitetea pamoja na Stanton hata likapita ni Frederick Douglass, mtu mweusi aliyekuwa ametoroka utumwani miaka kumi iliyotangulia. Lakini katika kumbukumbu za mkutano ule hatajwi mwanamke mweusi hata mmoja. Wakati huo kwenye mashamba ya pamba na miwa ya Kusini walikuwako wanawake weusi wengi mno waliokuwa mali ya watu, watoto wao wakiuzwa mnadani kama mifugo.

Mwanamke mweusi alisikika Mei 1851, katika mkutano wa Akron, jimbo la Ohio. Huyu ni Sojourner Truth, aliyezaliwa utumwani katika jimbo la New York. Aliueleza mkutano kwamba yeye amelima, amevuna na amebeba mizigo sawa na mwanamume yeyote. Basi hoja kwamba mwanamke ni dhaifu na hastahili haki imemhusu nani? Hotuba yake ilichapishwa gazetini wiki chache baadaye. Lakini maneno yanayojulikana zaidi duniani hadi leo siyo hayo. Ni yale yaliyochapishwa mwaka 1863 na Frances Gage, mwanamke wa Kizungu aliyekuwa mwenyekiti wa mkutano ule. Gage aliiandika hotuba hiyo kwa lafudhi ya watumwa wa Kusini, ilhali Truth hakuwa mtu wa Kusini, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kidachi. Hapa tunaona mapema dalili ya ugonjwa wenyewe: mwanamke mweusi anakaribishwa jukwaani, lakini maneno yake yanatengenezwa na mwingine ili yafanane na picha ambayo wasikilizaji wanayo tayari kichwani.

MGAWANYIKO WA MWAKA 1869

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865 na utumwa ukafutwa, lilizuka swali la kura. Nani aipate kwanza? Mwaka 1866 iliundwa Jumuiya ya Haki Sawa ya Marekani, iliyodai kura kwa watu weusi na kwa wanawake wote kwa pamoja. Laiti msimamo huo ungeshikwa, huenda historia ingekwenda njia nyingine.

Katika mkutano wa haki za wanawake uliofanyika New York mwaka huohuo wa 1866 alisema Frances Ellen Watkins Harper, mwanamke mweusi, mshairi na mwalimu. Hotuba yake inafaa kukumbukwa na kila kada. Aliwaeleza wasikilizaji kwamba mumewe alipofariki na kuacha deni, sheria ilimnyang'anya mjane vyombo vyote hata vile vya kufulia nguo na kuwekea maziwa. Mume angefiwa na mke, hakuna ambaye angeigusa nyumba yake. Kwa hiyo kuonewa kwa mwanamke alikujua. Halafu akawaeleza mambo ambayo wao hawakuyajua: namna alivyotiwa katika behewa la wavuta sigara akisafiri kwenda Baltimore, na namna kondakta wa Philadelphia alivyokataa kuliondoa gari kwa kuwa yeye amepanda. Wanawake Wazungu walizungumza habari za haki, akasema, yeye anazungumza habari za maonevu. Katika mwili wa mtu mmoja yalikutana maonevu mawili, na hakuna aliyeweza kumwambia achague moja.

Lakini ndivyo hasa alivyotakiwa kufanya. Wanasiasa wa chama tawala cha Republican walihitaji kura za wanaume weusi ili washinde Kusini, na kura za wanawake hawakuzihitaji. Marekebisho ya 14 ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1868, yalilitia neno "mwanamume" katika Katiba kwa mara ya kwanza. Marekebisho ya 15 yaliyofuata yalikataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi, yasiseme lolote kuhusu jinsia. Stanton na mwenzake Susan B. Anthony walikuwa na haki ya kukasirika. Wao walikuwa wamekusanya sahihi zipatazo 400,000 za kudai utumwa ukomeshwe, na sasa walikuwa wakiambiwa wangoje.

Kosa lao liko katika njia waliyoichagua baada ya hapo. Mwaka 1867, katika kampeni ya Kansas, walikubali msaada wa George Francis Train, tajiri aliyewatukana watu weusi hadharani, na fedha zake ndizo zilizoanzisha gazeti lao mwaka 1868. Katika gazeti hilo Stanton aliandika kwa dharau juu ya wanaume weusi na wahamiaji maskini, akiuliza iweje watu wajinga wa namna hiyo watunge sheria za kuwatawala mabinti waliosoma. Hoja haikuwa tena kwamba kila binadamu anastahili kura. Ilikuwa kwamba wao ni bora kuliko wengine.

Mei 1869 Jumuiya ilivunjika. Douglass alisema kwamba kwa mtu mweusi wa Kusini kura ni suala la kufa na kupona, maana watu walikuwa wakiburutwa kutoka majumbani mwao na kunyongwa kwenye nguzo za taa. Harper alikuwa upande wake. Hata hivyo tusisahau sauti ya Sojourner Truth, ambaye mwaka 1867 alikuwa ameonya kwamba wanaume weusi wakipata haki na wanawake weusi wasipate, basi wanaume hao watakuwa mabwana juu ya wake zao, na hali itakuwa mbaya kama zamani. Wanawake hawa wawili walitofautiana juu ya nini kitangulie, lakini hakuna kati yao aliyesema kwamba haki ya upande mmoja inunuliwe kwa kuidhalilisha haki ya upande mwingine.

SIASA YA KUWARIDHISHA WABAGUZI

Mwaka 1890 vyama viwili vilivyotokana na mgawanyiko ule viliungana tena na kuwa chama kimoja cha taifa cha kudai kura za wanawake. Mwaka huohuo jimbo la Mississippi lilipitisha katiba mpya iliyoweka kodi ya kura na mtihani wa kusoma, ili kuwaondoa watu weusi katika daftari la wapiga kura. Majimbo mengine ya Kusini yakafuata. Viongozi wa harakati za wanawake walijua kwamba bila ya majimbo ya Kusini hawatapata wingi wa kutosha kubadili Katiba. Wakaamua kuyabembeleza.

Mwaka 1895 chama hicho kilifanya mkutano wake Atlanta. Anthony alimwomba Douglass, rafiki yake wa miaka mingi, asihudhurie, ili wenyeji wa Kusini wasichukizwe. Ida B. Wells, mwandishi mweusi aliyekuwa akipambana na mauaji ya watu weusi bila hukumu, ameyaeleza mazungumzo yake na Anthony juu ya jambo hilo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1970. Alimjibu kwamba huenda umepata faida kwa upande wa kura, lakini umewathibitishia wanawake Wazungu kwamba ubaguzi wao ni sawa. Wells huyohuyo anasimulia kwamba karani wa Anthony alipokataa kumwandikia barua mgeni mweusi, Anthony alimfukuza kazi papo hapo.

Jambo hili tulitazame kwa makini. Nyumbani kwake Anthony hakuuvumilia ubaguzi. Chamani aliukubali. Ubaguzi wa harakati hizi haukutokana tu na roho mbaya za watu wachache. Ulikuwa mkakati, ulikuwa biashara ya kisiasa, na bidhaa iliyouzwa ilikuwa haki ya mtu mweusi. Douglass alifariki Februari 20, 1895, wiki chache baada ya mkutano wa Atlanta. Siku hiyohiyo ya kufa kwake alikuwa ametoka kuhudhuria mkutano wa wanawake mjini Washington.

Biashara ikikubaliwa mara moja huendelea. Mwaka 1899 mjumbe mweusi, Lottie Wilson Jackson, aliuomba mkutano wa chama utamke tu kwamba si haki kuwalazimisha wanawake weusi kupanda mabehewa ya wavuta sigara. Ombi lake liliwekwa kando. Mwaka 1903, mjini New Orleans, chama kiliyaachia matawi ya majimbo uhuru wa kuamua yenyewe, maana yake uhuru wa kubagua. Katika mkutano huohuo msemaji kutoka Mississippi, Belle Kearney, alieleza waziwazi kwamba kura ya mwanamke Mzungu itaimarisha utawala wa Wazungu. Alichokisema hakikuwa geni; kilikuwa ndicho hitimisho la njia iliyoanza Kansas.

NYUMA YA MAANDAMANO

Wanawake weusi hawakukaa kungoja. Mwaka 1896 waliunganisha vyama vyao na kuunda chama cha taifa, mwenyekiti wake wa kwanza akiwa Mary Church Terrell. Waliendesha shule za chekechea, walipinga mauaji na walidai kura. Januari 1913 Ida B. Wells alianzisha mjini Chicago Alpha Suffrage Club, chama cha wanawake weusi cha kudai kura.

Machi 3, 1913, siku moja kabla ya Rais Woodrow Wilson kuapishwa, maelfu ya wanawake waliandamana Washington. Wells alikuja pamoja na ujumbe wa jimbo lake la Illinois. Kabla ya maandamano kuanza aliambiwa kwamba wanawake weusi watembee nyuma kabisa, ili wajumbe wa Kusini wasije wakajitoa. Alikataa, akaondoka. Maandamano yalipokuwa yakipita, alitokea kwenye umati uliosimama pembeni ya barabara, akaingia katika safu ya Illinois, akatembea katikati ya wanawake wawili wa Kizungu waliomuunga mkono. Hakuomba ruhusa.

Kitendo hicho kina mafunzo mawili. Kwanza, Wells hakuyakimbia maandamano, maana dai la kura lilikuwa dai lake pia. Pili, hakukubali kuwa nyuma ndani ya dai lake mwenyewe. Aliporudi Chicago alifanya kazi ya chini kabisa na ngumu kabisa: kwenda nyumba kwa nyumba kuwaandikisha wanawake, baada ya Illinois kuwapa sehemu ya kura mwezi Juni 1913. Mwaka 1915 kura hizo zilisaidia kumchagua Oscar De Priest, diwani wa kwanza mweusi wa Chicago.

KURA BILA YA MPIGA KURA

Mwaka 1920 Marekebisho ya 19 yaliidhinishwa, na vitabu vingi husema kwamba hapo wanawake wa Marekani walipata kura. Wanawake gani? Kusini mwanamke mweusi alipokwenda kujiandikisha alikuta kodi ileile, mtihani uleule na vitisho vilevile vilivyomngoja mwanamume mweusi. Mwaka 1921 wajumbe wa wanawake weusi wakiongozwa na Addie Hunton walimwendea Alice Paul, kiongozi wa National Woman's Party, kuomba chama kiwasaidie. Walijibiwa kwamba hilo ni suala la rangi, si suala la wanawake.

Jibu hilo ndilo kiini cha mjadala wetu. Mwanamke anayezuiwa kupiga kura, je, si mwanamke? Waliomjibu hivyo walikuwa wamelifanya neno "mwanamke" kuwa na maana ya "mwanamke Mzungu", na pengine wao wenyewe hawakutambua.

Zaidi ya miaka 40 ilipita. Mwaka 1962 Fannie Lou Hamer wa Mississippi, mtoto wa ishirini katika familia ya wakulima wasio na ardhi waliolima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba, alikwenda kujiandikisha. Jioni ileile alifukuzwa katika shamba alilolitumikia kwa miaka 18. Mwaka 1963 alikamatwa na kupigwa jela hadi akabaki na ulemavu. Mwaka 1964 aliyaeleza hayo mbele ya kamati ya chama cha Democratic na taifa zima likasikia. Sheria ya Haki ya Kura ilipitishwa mwaka 1965; kwa wanawake wa aina ya Hamer, huo ndio mwaka wa kura. Wala hakuishia kwenye kura. Mwaka 1969 alianzisha shamba la ushirika kwa ekari 40 za mwanzo, kwa sababu alijua kwamba mtu anayeweza kufukuzwa shambani kwa kujiandikisha hajawa huru.

JIKO LA NANI?

Wimbi la pili la harakati liliinuka katika miaka ya 1960. Kitabu cha Betty Friedan cha mwaka 1963 kilieleza uchungu wa mama wa nyumbani aliyesoma, mwenye nyumba nzuri, ambaye maisha yake yamefungwa jikoni. Uchungu huo ulikuwa wa kweli, na dawa iliyotolewa ilikuwa kutoka na kwenda kufanya kazi. Lakini mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mwanamke mweusi alikuwa kazini tangu enzi za utumwa. Mwaka 1940 karibu asilimia 60 ya wanawake weusi walioajiriwa walikuwa watumishi wa majumbani. Sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 1935 iliwaacha nje watumishi wa nyumbani na vibarua wa mashambani. Mama wa Kizungu akitoka jikoni, nani aliingia humo? Na watoto wa huyo aliyeingia walilelewa na nani?

Hali ilikuwa hivyohivyo katika suala la uzazi. Wanawake Wazungu wa tabaka la kati walidai haki ya kuzuia mimba na kufunga kizazi kwa hiari yao. Lakini Hamer, aliyekwenda hospitali mwaka 1961 kutolewa uvimbe, aliondolewa kizazi bila ya kuulizwa, na wanawake weusi wengi maskini wa Kusini walifanyiwa vivyo hivyo. Mwaka 1973 ilijulikana kwamba wasichana wawili weusi wa Alabama, wa umri wa miaka 12 na 14, walikuwa wamefungwa kizazi kwa mpango uliogharimiwa na serikali. Ilipopendekezwa kanuni ya kungoja siku 30 ili mtu asilazimishwe, baadhi ya vyama vya wanawake vilipinga, kwa kuona kwamba kungoja kunampunguzia mwanamke hiari yake. Neno "hiari" lilikuwa moja, maisha yalikuwa mawili.

Mahakama nazo hazikuliona pengo hilo. Mwaka 1976 wanawake weusi watano walishindwa katika dai lao dhidi ya kampuni ya General Motors. Kampuni hiyo iliajiri wanawake, lakini Wazungu, na iliajiri weusi, lakini wanaume. Wanawake weusi waliingia mwisho, na kazi zilipopunguzwa walitoka kwanza. Mahakama ilikataa kuunganisha dai la rangi na dai la jinsia. Mwaka 1989 mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliitumia kesi hiyo kuonyesha kwamba aliyesimama kwenye njia panda anaweza kugongwa na magari ya pande zote, na kila dereva akakana. Hayo Harper alikuwa ameyasema mwaka 1866.

Wanawake weusi wenyewe ndio walioitengeneza nadharia iliyokosekana. Kundi la Combahee River Collective la Boston, lililoanza mwaka 1974, lilitoa tamko lake mwaka 1977 likiunganisha rangi, jinsia na tabaka. Angela Davis na bell hooks walichapisha vitabu vyao juu ya historia hii mwaka 1981. Na Julai 1985 suala hili lilifika Afrika Mashariki, wakati Mkutano wa Tatu wa Umoja wa Mataifa juu ya Wanawake ulipofanyika Nairobi. Hapo baadhi ya wajumbe wa Magharibi walidai kwamba habari ya ukaburu ni siasa, si mambo ya wanawake. Msomaji atakumbuka mahali ambapo tumekwisha kulisikia jibu la namna hiyo.

MAFUNZO

Kwanza, ubaguzi ndani ya harakati za ukombozi huingia mara nyingi kwa mlango wa mkakati. Hausemi "tunawachukia"; husema "ngojeni kidogo, msituvuruge, ushindi umekaribia". Kila tunapomsikia kiongozi akisema hivyo, tuulize: anayetakiwa kungoja ni nani, na amengoja mara ngapi?

Pili, haki iliyonunuliwa kwa haki ya mwenzako haidumu. Waliowabembeleza wabaguzi wa Kusini kwa miaka thelathini hawakupata kura zao. Marekebisho ya 19 yalipita bila ya majimbo mengi ya Kusini, ambayo yaliyakataa. Heshima iliuzwa na bei haikulipwa.

Tatu, na hili tunalielekeza kwa wenzetu wanaosema kwamba haki za wanawake ni mambo ya Wazungu. Truth, Harper, Wells na Hamer waliujua ubaguzi wa wanawake wa Kizungu kuliko sisi, maana waliuonja. Walikuwa na kila sababu ya kulitupa dai lenyewe, na hawakulitupa. Walilidai kwa upana zaidi kuliko walioliasisi. Mwanamume anayeutaja ubaguzi wa wanawake wa Marekani ili asiulizwe habari za mke wake, dada yake na karani wake, hana haki ya kuyataja majina yao.

Umoja wa kweli haujengwi kwa kuwaficha walio nyuma. Hupimwa kwa kuwatazama wao. Basi kila tunapopanga safu, katika tawi, chuoni au kazini, tugeuke kwanza tuone ni nani aliyewekwa mwisho, na ni nani aliyemweka huko.